Fleming, Bwana X na koo la mtoto wa Kiuu

Mtoto akiamka asubuhi koo limefura, mwili unachemka, hata mate hawezi kumeza, kwenu huwa mnaanzia wapi? Kama unakaa huku Kiuu, jibu lako nalijua kabla hujafungua mdomo. Hospitali ya Ruiru iko na foleni. Nauli ya kwenda Thika Level 5 na kurudi ni hesabu nyingine, na kule mama anakofanya kazi, siku usipofika haulipwi. Lakini duka la dawa liko hapo chini ya ploti, lingine linaangaliana nalo, na la tatu linapakwa rangi lifunguliwe wiki ijayo. Mama anaeleza shida, anasema ana shilingi mia, na yule wa kaunta anahesabu dawa ya mia. Baada ya siku mbili mtoto anacheza. Iliyobaki inawekwa juu ya kabati, ingoje koo lingine.

Sasa, kuna mtu aliyeielezea kaunta hiyo mwaka 1945, akiwa mbele ya wasomi huko Stockholm, Sweden, na akasema inavyoweza kuisha: mtu anakufa. Ukiniuliza ni nabii gani huyo, nitakuambia hakuwa nabii. Ndiye aliyegundua dawa yenyewe. Alexander Fleming. Nataka nikusimulie maisha yake kwa sababu shuleni tulipewa robo tu: kuvu, sahani, penisilini, mtihani umeisha, nendeni nyumbani.

Alizaliwa Agosti 6, 1881, katika shamba la Lochfield karibu na mji mdogo wa Darvel, Uskoti. Usifikirie kasri. Babake, mzee Hugh, alikuwa mkulima wa kawaida. Mke wake wa kwanza alifariki akamwachia watoto, naye akaoa tena akiwa na miaka 59. Mke wa pili, Grace, alimzalia wanne, na Alec, kama walivyomwita nyumbani, alikuwa wa tatu kati ya hao. Mzee alifariki Alec akiwa na miaka saba. Mama akabaki na shamba, mifugo na kikosi cha watoto, wake na wa mwenzake, na akawalea wote.

Hapa nisimame kidogo kwa sababu ya WhatsApp. Bila shaka shangazi yako ashawahi kukutumia ile hadithi ya mkulima maskini aliyemwokoa Winston Churchill mdogo asizame kwenye tope, babake Churchill akashukuru kwa kumlipia mtoto wa mkulima karo, mtoto akawa Fleming, kisha penisilini ikamponya Churchill nimonia. Tamu sana, inasomwa hadi kwenye mahubiri. Ni uongo. Mzee Hugh alikuwa kaburini mapema, karo ya Fleming ilitoka kwingine kama utakavyoona, na Churchill alipougua nimonia Desemba 1943 alitibiwa kwa dawa ya jamii ya salfa, sio penisilini. Ukitumiwa tena, una jibu.

Kabla hajafika miaka 15, Alec alipelekwa London kukaa na ndugu zake. Alisoma kidogo chuo cha ufundi pale mjini, kisha akaacha na kuajiriwa ukarani katika ofisi ya kampuni ya meli. Miaka minne ya kunakili barua na kujaza madaftari ya mizigo. Mimi niliacha chuo katikati, kwa hivyo sehemu hii ya maisha yake huwa naisoma mara mbili. Hakuna dalili yoyote kwamba kijana huyo alikuwa anaelekea mahali. Alikuwa karani, alikuwa mpole, hakuongea sana, na wikendi alikuwa mlenga shabaha katika kikosi cha kujitolea cha Waskoti wa London.

Kilichombadilishia njia ni urithi. Mjomba mmoja alifariki akaacha pesa, na fungu la Alec likatosha kumtoa ofisini. Kakake Tom, ambaye tayari alikuwa daktari, akamwambia aende udaktari. Alikuwa na miaka 20. Akafanya mitihani ya kuingia, akaongoza. Na kuchagua chuo je? London ilikuwa na vyuo vingi vya udaktari. Akachagua kile cha hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington, kwa sababu alishawahi kucheza polo ya majini dhidi ya timu yao. Hiyo tu. Alipohitimu mwaka 1906, klabu ya kulenga shabaha ya hospitali haikutaka mtu mwenye jicho kama lake aondoke, basi wakamtafutia kazi kwenye maabara ya Sir Almroth Wright, mtaalamu wa chanjo. Akaingia kwa sababu ya bunduki, akakaa hapo hapo St Mary's maisha yake yote.

Twende haraka hadi vita. Mwaka 1914 Wright na vijana wake walipelekwa Boulogne, Ufaransa, wakafungua maabara karibu na askari waliojeruhiwa. Hapo ndipo Fleming alipoona kitu ambacho nadhani kilimfunza zaidi ya sahani yoyote. Askari walikuwa wakiletwa na majeraha yenye vipande vya nguo na udongo ndani, na madaktari walikuwa wakiyamwagia dawa kali za kuua viini, wakiamini kadiri inavyowasha ndivyo inavyofanya kazi. Si unajua hiyo imani, bado iko mtaani. Fleming akachukua chupa ya maabara, akaiyeyusha moto na kuivuta miiba miiba ili ifanane na jeraha lenye mifereji, akaijaza bakteria, akamwaga dawa, akaosha. Bakteria walibaki wamejificha kwenye miiba. Dawa haikuwafikia. Mbaya zaidi, ilikuwa inaua seli nyeupe za damu, yaani askari wa mwili mwenyewe, kabla ya kuua adui. Alichapisha, akaeleza, na madaktari wengi jeshini wakaendelea kumwaga tu.

Kutoka vita hivyo alirudi na swali moja: je, kuna kitu kinachoweza kuua bakteria bila kumuumiza mwenye mwili? Jibu la kwanza lilitoka puani mwake. Mwaka 1921 alikuwa na mafua, akachukua kamasi yake mwenyewe akaiweka kwenye sahani yenye bakteria. Bakteria waliokuwa karibu na kamasi wakayeyuka. Kitu hicho akakiita laisozaimu, na akagundua kiko pia kwenye machozi na mate. Kwa muda, ukiingia maabara yake ulikuwa hatarini kukamuliwa limau karibu na jicho ili utoe machozi ya utafiti. Shida ni moja: laisozaimu ilikuwa inaua bakteria wasio na madhara makubwa. Wale wabaya ilikuwa inawapita. Lakini jicho la Fleming lilishajua kuangalia duara safi kwenye sahani chafu.

Ndiyo maana Septemba 3, 1928, aliporudi kutoka likizo na kukuta sahani zake za stafilokoka alizoziacha mezani, hakutupa zote. Fleming hakuwa mtu wa usafi wa kupindukia, na meza yake ilikuwa kama kitanda chako Jumatatu asubuhi. Sahani moja ilikuwa imeota kuvu, ile ile unayoiona kwenye mkate uliokaa, na kuizunguka kuvu bakteria walikuwa wametoweka. Mtu mwingine angesema imeharibika. Yeye aliikuza ile kuvu, akachuja maji yake, na kwa miezi akayaita tu maji ya kuvu. Machi 1929 akayapa jina: penisilini.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo shuleni huwa hawaisemi. Penisilini ilitumika kwanza kwenye nini? Kwenye makohozi na koo. Fleming alipima maji yake dhidi ya kila bakteria aliyekuwa naye, akaona wamegawanyika pande mbili. Streptokoka, wanaoleta koo baya la watoto, walikufa. Stafilokoka walikufa. Wa nimonia, wa dondakoo na wa kisonono walikufa. Lakini wa homa ya matumbo hawakuguswa, na wale walioitwa bakteria wa influenza, ambao hukaa puani na kooni, walistawi kama hakuna kitu. Akaona hiyo ni njia ya kuchambua: ukichukua ute wa koo, ukapaka kwenye sahani na penisilini, wengine wote wanakufa na wale sugu wanabaki peke yao uwaone vizuri. Kichwa cha makala yake ya 1929 kinataja kazi hiyo. Yaani tangu mwaka wa kwanza, mgunduzi wa penisilini alijua kwamba ndani ya koo moja kuna wanaokufa kwa dawa yake na wasiojali. Ukimpa mtoto dawa, unachagua nani abaki.

Makala ile haikushtua mtu. Penisilini ilikuwa ngumu kusafishwa, ilikuwa inaharibika haraka, na Fleming hakuwa mkemia. Vijana wake wawili walijaribu kuitoa kwenye maji, wakafika mahali wakakwama. Akaiacha ikae, ila alikuwa anaitunza ile kuvu na kumgawia yeyote aliyeomba. Miaka kumi ikapita.

Waliofanya maji ya kuvu yawe dawa ni watu wa Oxford: Howard Florey, Mwaustralia, Ernst Chain, Myahudi aliyetoroka Ujerumani ya Hitler, na Norman Heatley, aliyekuwa na kipaji cha kutengeneza mitambo kwa makopo na mabomba ya kuokoteza wakati wa vita. Mei 25, 1940 waliwadunga panya wanane streptokoka. Ndio, wale wale. Wanne wakapewa penisilini, wanne hawakupewa. Kesho yake wanne waliokosa dawa walikuwa wamekufa. Fleming aliposikia akapiga simu kwamba anakuja kuangalia. Chain alishangaa, alidhani huyo mtu alikufa zamani.

Mgonjwa maarufu wa Oxford ni askari polisi Albert Alexander, aliyekuwa na maambukizi mabaya usoni, jicho moja likiwa limeshatolewa. Februari 1941 alianza kudungwa penisilini, na ndani ya siku chache homa ikashuka, akaanza kula. Kisha dawa ikaanza kuisha. Walikuwa wakichukua mkojo wake, wanachuja penisilini iliyopita mwilini, wanamrudishia. Haikutosha. Maambukizi yakarudi, akafariki Machi 15. Soma hiyo tena ukifikiria ile dawa iliyobaki juu ya kabati. Huyu alikosa dozi kamili kwa sababu dunia nzima haikuwa na penisilini ya kutosha. Sisi tunaikatiza kwa sababu mtoto amecheka.

Mwaka 1942 Fleming mwenyewe alipata mgonjwa wake, Harry Lambert, mtu aliyefahamika kwa kakake, ambaye alikuwa anakufa kwa uvimbe wa utando wa ubongo. Fleming akachukua maji ya uti wa mgongo, akaangalia: streptokoka. Akampigia Florey, Florey akampa penisilini aliyokuwa nayo, na Fleming akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya, akaiingiza moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Lambert akapona. Magazeti ya London yakalipuka, Sir Almroth Wright akaandika barua kwa gazeti la The Times kumdai Fleming sifa, na tangu siku hiyo ulimwengu ukajua jina moja. Maoni yangu: Oxford walionewa. Florey hakupenda waandishi wa habari, Fleming hakuwakataa, na hadithi ya kuvu kwenye sahani ni rahisi kusimulia kuliko hadithi ya watu wanaosafisha maji kwenye mabeseni. Lakini tuzo ya Nobel ya 1945 iligawanywa kwa watatu, Fleming, Florey na Chain. Heatley hakupata.

Ndipo tunafika Stockholm, Desemba 11, 1945.

Fikiria hali ilivyokuwa. Vita vimeisha. Viwanda vya Marekani vimejifunza kutengeneza penisilini kwa matangi, na askari waliotua Normandy Juni 1944 walikuwa nayo. Watu wanaiita muujiza, na wanataka iuzwe kila mahali. Mtu aliyeigundua anasimama kutoa hotuba ya Nobel. Angeweza kujisifu saa nzima na angepigiwa makofi. Badala yake, mwishoni, akatoa hadithi ya mtu wa kubuni aliyemwita Bwana X.

Bwana X ana koo linalouma. Ananunua penisilini mwenyewe dukani na kujitibu. Kiasi anachokunywa hakitoshi kuwaua streptokoka walio kooni, ila kinatosha kuwafundisha namna ya kuihimili. Kisha anamwambukiza mke wake. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, lakini streptokoka hawa washasoma, dawa haifanyi kitu. Mke anafariki. Fleming akawauliza wasikilizaji ni nani aliyemuua, na akajibu mwenyewe kwamba ni Bwana X, kwa kucheza na dawa.

Angeweza kuchagua ugonjwa wowote. Alichagua koo. Na hakuwa anabuni kutoka hewani. Maabara yake ilishaona kwamba ukiwapa bakteria dawa kidogo kidogo, isiyowaua, unawazoesha. Chain na mwenzake huko Oxford walikuwa wamechapisha mwaka 1940, kabla mgonjwa hata mmoja hajatibiwa kwao, kwamba kuna bakteria wanaotengeneza kimeng'enya cha kuivunja penisilini. Na streptokoka wa koo wenyewe walikuwa tayari na rekodi: katika kambi za wanamaji wa Marekani wakati wa vita, vijana waligawiwa dawa ya salfa kila siku ili wasipate koo. Mwanzoni ilifanya kazi vizuri. Halafu streptokoka wasioogopa salfa wakaenea kambini. Somo lilikuwa limeshafundishwa, Fleming alilisoma tu kwa sauti.

Baada ya Stockholm aliishi karibu miaka kumi ya kusafiri na kupewa heshima. Malkia wa nyumbani kwake, Sarah, nesi Muairishi aliyemwoa mwaka 1915, alifariki 1949, na wanaomjua husema Fleming alizeeka ghafla. Mwaka 1953 akaoa tena, daktari Mgiriki aliyekuwa akifanya kazi maabara yao, Amalia Koutsouri-Vourekas. Na katika miaka hiyo hiyo hadithi ya Bwana X ilikuwa inatimia karibu na mlango wake, ila kwa bakteria mwingine. Katika hospitali moja ya London, kufikia 1948 zaidi ya nusu ya stafilokoka waliopimwa hawakuwa wakifa kwa penisilini. Stafilokoka, wale wale wa sahani yake ya 1928. Fleming alifariki nyumbani kwake London Machi 11, 1955, kwa mshtuko wa moyo, na majivu yake yakazikwa kanisa kuu la St Paul's.

Ninachopenda kuhusu hadithi ya Bwana X ni kwamba kwa koo lenyewe, Fleming hajatimia bado. Zaidi ya miaka 80 ya kupigwa penisilini, na streptokoka wa koo bado wanakufa nayo. Watafiti wanakuna vichwa kwa nini, kwa sababu majirani zao wote washahama. Stafilokoka wanaoishi koo hilo hilo wanaivunja. Bakteria wa influenza, baadhi yao wanaivunja. Streptokoka wenyewe wamejifunza kuhepa dawa nyingine: katika nchi nyingi sasa wako wasioguswa na erithromaisini wala azithromaisini, na tetrasaiklini wengi waliizoea zamani. Penisilini na ndugu yake amoksilini ndizo bado zinawashika. Na hapo pia miaka michache iliyopita watafiti wa Seattle, Marekani, waliripoti streptokoka wachache wenye badiliko dogo kwenye sehemu ile penisilini hushika. Walikuwa bado wanakufa, ila kwa ugumu kidogo.

Sasa rudi nami Kiuu, kwenye ile kaunta, uone upuuzi ulivyo. Amoksilini ni ya bei nafuu, kwa hivyo watu wanaidharau. Mtoto asipopona kwa siku mbili, mama anaambiwa ile haina nguvu, chukua hii ya siku tatu, ni kali. Mara nyingi hiyo kali ni azithromaisini, dawa ambayo streptokoka wana uwezekano wa kuwa wameshaijua. Tunaacha kufuli inayofunga, tunanunua inayong'aa. Na sheria ya Kenya inasema antibiotiki ni dawa za kuandikiwa na mhudumu wa afya. Wewe na mimi tunajua huwa inakuwaje.

Halafu kuna hili: makoo mengi ya watoto hayana streptokoka kabisa. Ni virusi, na virusi hawajali penisilini hata ukiwamiminia ndoo. Kwa watoto, ni takriban makoo mawili au matatu kati ya kumi yanayosababishwa na streptokoka. Kwa watu wazima ni machache zaidi. Mtoto mwenye kikohozi, makamasi na sauti iliyokauka pengine ana virusi. Mwenye homa kali, koo jekundu, mafindofindo (tonsili zile) yenye madoa meupe, tezi zimevimba shingoni na hana kikohozi, huyo ndiye wa kushukiwa. Kuna kipimo cha kupaka pamba kooni. Lakini dawa ya mia hutolewa kwa wote sawa, na bakteria wasio na hatia waliokuwa wamekaa kimya kooni wanapata masomo ya bure. Dunia nzima, watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa bakteria sugu. Uingereza ilianzisha mfuko wa kusaidia maabara kufuatilia usugu huu, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, na ukaitwa Fleming Fund. Kenya ilizindua mpango wake wa kitaifa mwaka 2017.

Na kwa nini tusiseme basi koo liachwe lipone lenyewe? Kwa sababu ya moyo. Koo la streptokoka kwa kawaida hupona hata bila dawa ndani ya wiki. Lakini kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili iliyojifunza kupigana na streptokoka huchanganyikiwa, inaanza kushambulia viungo na vali za moyo. Ndiyo homa ya baridi yabisi. Inakuja wiki mbili au tatu baadaye, koo limeshasahaulika, na ikirudia rudia vali zinaharibika. Zile mbio za Mater Heart Run unazoona watu wamevaa fulana, pesa zake huenda kwa upasuaji wa watoto wenye matatizo ya moyo. Wengine walizaliwa nayo. Wengine yalianzia kooni, kwenye nyumba ya chumba kimoja ambapo watoto wanne wanalala kitanda kimoja na kukoholeana.

Kuhusu kumaliza dozi, kusema kweli wanasayansi siku hizi wanabishana kwa magonjwa mengi, na mengine yameonekana kupona kwa siku chache kuliko tulivyozoea kuambiwa. Lakini koo la streptokoka halimo sana kwenye ubishi huo. Kwa penisilini au amoksilini za kumeza, maelekezo ya kawaida bado ni siku kumi, kwa sababu lengo ni kuwafagia wote kooni ili moyo usiguswe, hata kama mtoto alianza kuruka kamba siku ya tatu. Siku kumi za kumshika mtoto wa miaka sita pua ameze ni kazi, najua. Mhudumu akishaona ni streptokoka na mtoto hana mzio wa penisilini, kuna njia nyingine ambayo mama anaweza kuuliza: sindano ya benzathini penisilini, moja tu, kwenye msuli. Dawa inakaa pale ikitoka pole pole kwa wiki kadhaa, na hakuna cha kubaki juu ya kabati. Inauma vibaya. Mwambie mtoto ukweli kabla ya kuingia chumbani, halafu umshike mkono.